Tunataka kuanza kikundi cha maombi ofisini Mtumba. Je, inaruhusiwa?

SWALI: "Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu katika taasisi moja ya umma, ofisi zetu zipo Mji wa Serikali, Mtumba. Nilihamia mwaka jana nikitokea Dar es Salaam. Kule tulikuwa na felosheni ya mchana kila Jumatano, na kwa kweli ilinishika mkono katika kipindi kigumu. Hapa hakuna. Nimezungumza na wenzangu na tumefika kumi na wanne: Waanglikana, Walutheri, Wapentekoste, Wakatoliki watatu na Msabato mmoja. Mkurugenzi wetu msaidizi ni mzee wa kanisa. Amefurahi mno, anataka awe mlezi wetu, na anapendekeza tukutane ukumbini kila siku saa 1:30 asubuhi. Lakini afisa utumishi ameniambia serikali haina dini. Mwingine anasema tusiposajiliwa Mambo ya Ndani tutakamatwa. Na rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja, ambaye ni Mwislamu, aliniuliza kwa utani: 'Mtatuombea, au mtaomba tuhamishwe?' Nilicheka, lakini lile swali limenikaa. Je, inaruhusiwa? Na kama inaruhusiwa, tuanzeje bila kuharibu?"

JIBU: Marahaba mwanangu, na karibu Dodoma, ingawa upepo na vumbi la Mtumba vimeshakukaribisha kabla yangu. Nilikuwa afisa utumishi kwa miaka mingi hadi nilipostaafu, na sasa hukaa na vikundi vya maombi vya maofisini hapa mjini kama mlezi. Barua unayotaka kuiandika nimewahi kuiandika, nimewahi kuipokea, na mara moja niliikataa. Hiyo niliyoikataa nitakusimulia huko mbele, kwa sababu inafanana na yako kuliko unavyodhani.

Umeuliza kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa. Lakini nimesoma swali lako mara mbili na nadhani ruhusa siyo inayokukosesha usingizi. Ungekuwa unataka ruhusa tu, usingenisimulia utani wa rafiki yako. Unachoogopa ni kuanzisha kitu chema kitakachowagawa watu mnaokula nao chakula cha mchana. Hofu hiyo ni ya maana. Usiikemee kwa jina la Yesu, isikilize.

Tuanze na afisa utumishi wako, maana hajakosea, ila ameishia njiani. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Ukiendelea hadi ibara ya 19, unakuta kila mtu ana uhuru wa imani, kufanya ibada na kutangaza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Zisome pamoja. Asiye na dini ni mwajiri. Mwajiriwa anaruhusiwa kuwa nayo. Mwajiri wa namna hiyo hawezi kukuamuru usali, na hana sababu ya kukukataza kusali kwa muda wako mwenyewe. Ila pia hawezi kukupa wewe, kwa sababu ya dini yako, kitu anachomnyima mwingine. Hapo ndipo wapendwa wengi hupasahau. Ukumbi, umeme, karatasi, gari, muhuri na saa za kazi vyote ni mali ya huyo asiye na dini.

Mfano mzuri uko hapa hapa mjini. Bunge hufungua kikao kwa dua. Anayeongoza kikao anaisoma, wabunge wa dini zote wamesimama, na imetungwa ili kila anayemwamini Mungu aweze kuitikia Amina bila kumeza mate kwanza. Hicho ni kitu cha wote. Chenu ni kitu cha waliopenda. Vyote viwili ni halali, ila msivichanganye: msije mkafungua kikao cha idara kwa maombi ya kikundi chenu, na msije mkadhani kwamba kwa kuwa ofisi nzima inasimama kwa dua, basi ofisi nzima ni yenu.

Suala la usajili nalo lina ukweli ndani yake. Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, inazungumzia jumuiya za watu kumi au zaidi, zikiwemo za kidini, na ninyi kumi na wanne mmeshaivuka idadi hiyo. Kwa hiyo aliyekutisha hakulitoa hewani. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona watumishi wanaosoma Neno saa ya mapumziko wakidaiwa cheti. Mambo hubadilika kikundi kinapoanza kuwa na umbo: jina, katiba, mwenyekiti, ada, akaunti ya benki, fulana zenye nembo. Nakushauri msiwe na kimojawapo cha hivyo kwa mwaka wa kwanza. Hata siku hiyo ikija, muulizeni kwanza mwanasheria wa taasisi yenu, kisha mfike ofisi ya Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Wapo watakaokuambia mjiweke chini ya kanisa moja lililosajiliwa ili mpate mwavuli. Mwavuli mtaupata kweli, lakini siku hiyo hiyo Wakatoliki wako watatu na yule Msabato watakuwa wageni katika kikundi walichokianzisha wenyewe. Mimi nisingekubali biashara hiyo.

Sasa saa 1:30 asubuhi. Wewe ni mhasibu, hebu tupige hesabu. Saa 1:30 ndiyo saa ya serikali kuanza kazi. Watu kumi na wanne mara nusu saa ni saa saba, yaani karibu siku nzima ya mtumishi mmoja, kila siku ya Mungu. Mwananchi aliyetoka Bahi au Chamwino akafika mapokezi saa 1:35 hatajali kwamba mko mbele za Bwana. Yeye ataona meza hazina watu. Danieli alikuwa mtumishi wa umma, tena wa cheo kikubwa, na sura ya sita inatuambia kwamba waliomwonea wivu walichambua kazi yake wakitafuta kosa wakalikosa, ndipo wakaigeukia sala yake. Aliomba mara tatu kwa siku, lakini nyumbani kwake. Siku mtakayopata mkaguzi wa ndani anayeandika kwamba hati za malipo zimechelewa kwa sababu ya ibada, hakuna andiko litakalowatetea.

Basi mnabaki na nafasi tatu, na hakuna iliyo nzuri kabisa. Kabla ya saa 1:30 ni pazuri kwa roho na pabaya kwa Mtumba, kwa sababu kutoka katikati ya mji ni kama kilomita 17, wengi wanategemea basi la watumishi, na akina mama wanaoandaa watoto wa shule watakuja kwa kuhema au hawatakuja. Baada ya saa 9:30 alasiri basi linaondoka, na anayebaki anabaki na nauli yake. Inabaki saa ya mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Dakika hizo ni zenu. Chukueni 25, nyingine muwaachie mama lishe na chakula chake.

Mara moja kwa wiki inatosha. Najua mkurugenzi wako anataka kila siku, na najua moto wa mwanzo ulivyo. Nimeona vikundi vingi vya kila siku. Kwa kawaida huwaka kwa wiki sita, kisha wanabaki watatu, kisha hao watatu wanaanza kuwasema waliobaki mezani kwamba wamepoa. Chagueni Jumanne au Jumatano. Ijumaa iacheni kabisa. Waislamu wanahitaji mchana huo kwa swala ya Ijumaa, na hakuna sababu ya kuwafanya watu wawili wa imani mbili wagombee saa moja na korido moja. Msabato wenu machweo ya Ijumaa anaingia Sabato na ana maandalizi yake. Na tangu treni ya mwendokasi ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nusu ya ofisi Ijumaa mchana mwili uko Mtumba na roho iko stesheni. Wewe mwenyewe ni wa Dar, sina haja ya kukueleza.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikujibu kwa urefu, yaani ile sentensi uliyoiandika kwa furaha: mkurugenzi msaidizi anataka kuwa mlezi.

Ile barua niliyoikataa ilitoka kwa mkuu wa idara mmoja. Alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, asiyekula rushwa. Aliomba ukumbi kwa ajili ya maombi ya idara yake kila Jumatatu, yeye mwenyewe akiongoza, na nyuma ya barua ameambatisha karatasi ya sahihi za watumishi wake wote. Wote. Nikaipitia ile orodha jina moja moja, nikakuta majina mawili ya watu niliokuwa nawaona kila Ijumaa wakienda msikitini. Nikamwita mmoja nikamuuliza kama kweli anataka kuhudhuria. Akatazama chini, akasema, "Mama, karatasi aliileta bosi mwenyewe." Niliikataa barua, na yule mkuu wa idara hakunisalimia kwa miezi kadhaa. Mpaka leo naamini hakuelewa alichokosea, maana kwa mdomo wake hakumlazimisha mtu yeyote.

Hivyo ndivyo mamlaka yanavyofanya kazi, na ndiyo maana nasema uovu si lazima uwepo. Bosi akisema "karibu", aliye chini yake husikia "njoo". Dereva, mhudumu wa ofisi, kijana wa mkataba wa mwaka mmoja, hawa hawana nafasi ya kusema "leo sijisikii" mbele ya mtu anayewajazia tathmini zao kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Watakuja. Wataimba kuliko wote. Na ninyi mtahesabu vichwa mkifurahi kwamba Bwana anaongeza watu, kumbe ni hofu inayowaongeza.

Kisu hicho kinakata pande zote mbili. Tuseme wewe unastahili kupandishwa cheo, kazi yako safi, vyeti vimetimia. Mkurugenzi huyo akikupendekeza wakati kila Jumatano mnashikana mikono kuomba, ofisi nzima itasema umepandishwa na maombi. Na asipokupendekeza, wewe mwenyewe utaumia zaidi, ukijiuliza kwa nini mpendwa mwenzako amekusahau. Ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, dini ikiwemo, na inahesabu hata unyanyasaji kuwa ubaguzi. Mtu aliyekosa cheo akitafuta ushahidi wa upendeleo wa kidini, ataukuta kwenye orodha yenu ya mahudhurio. Kwa hiyo msiandike mahudhurio. Sioni kazi yake.

Simaanishi mumfukuze mzee wa watu. Naye ana haki ya kuomba kama mhudumu wa ofisi alivyo nayo. Aje, akae katikati na si mbele, asiongoze, asishike orodha yoyote, asimuulize mtu kwa nini hakuonekana, na asimkaribishe aliye chini yake. Ulezi mpeni mtu wa nje: mwinjilisti mstaafu, mama wa kanisa mwenye busara, mtu asiye na faili la mtumishi yeyote kabatini. Kumwambia hivyo si kazi yako wewe peke yako, mwanangu. Wewe ni mgeni pale na cheo chako ni kidogo. Mtumeni aliye mkubwa kwa umri kati yenu, aende ofisini kwake, aanze kwa shukrani, kisha aseme: "Mzee, tukikuweka mbele, wadogo watakuja kwa ajili yako. Tunataka waje kwa ajili ya Bwana." Mzee wa kanisa wa kweli ataielewa lugha hiyo. Akikasirika, mmepata jibu muhimu kabla hamjaanza.

Tukija kwenye madhehebu, mtakwama dakika ya kwanza, kwenye salamu. Mmoja atasema "Bwana Yesu asifiwe" na wengi wataitikia Amina. Wakatoliki wamezoea "Tumsifu Yesu Kristo", jibu lake "Milele, amina". Inaonekana ndogo. Nimeshuhudia Mkatoliki akikaa miezi mitatu katika kikundi bila hata siku moja kusalimiwa kwa salamu yake, kisha akaacha kuja, na hakuna aliyejua kwa nini. Tumieni zote mbili, kwa zamu. Biblia nazo zitatofautiana, za wengine zina vitabu vya Deuterokanoni na za wengine hazina. Ninyi shikeni Injili, ambako hamna ugomvi. Anzeni na Marko. Ina sura 16, sura moja kwa wiki, mtamaliza kama katika miezi minne.

Jinsi ya kuomba ndiyo itawasumbua zaidi. Mpentekoste akisema "tuombe", anamaanisha wote kwa pamoja, kwa sauti, pengine kwa lugha mpya. Mwanglikana aliyelelewa Mvumi au Kongwa anatazamia mtu mmoja aombe na wengine wanyamaze. Mkatoliki anafanya ishara ya msalaba na anashangaa kwa nini anatazamwa. Ofisini, zaidi ya hayo, kuna ukuta wa jipsamu na upande wa pili mtu anazungumza na mteja kwa simu. Hapo mimi sina huruma: mtu mmoja aombe, kwa sauti ya mazungumzo, wengine waitikie Amina. Anayetaka kupaza sauti, kanisa lake lina mkesha. Kipaza sauti kisitajwe hata kwa utani. Ushirika wa Meza ya Bwana, ubatizo, mafundisho ya zaka, siku ya kuabudu, heshima ya Mama Maria, hayo yote kila mtu akayamalize kwake. Na msimwalike mhubiri wa nje kwa miezi sita. Wahubiri wa mji huu ni wengi, na wengine wakishaonja kikundi cha watumishi wenye mishahara ya mwisho wa mwezi hawatoki tena.

Huku kwetu desturi ya walei kukutana wenyewe si ngeni. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulienea Afrika Mashariki hasa kwa vikundi vidogo vya watu wa kawaida wakisimuliana na kuombeana bila kumngoja mchungaji. Wengi wenu mmepitia vikundi vya wanafunzi Wakristo kama TAFES, CASFETA au UKWATA mkiwa shule na vyuo, kwa hiyo mnajua kuongoza. Ila Uamsho ulikuwa na kidonda chake, nacho huambukiza hadi leo: "waliookoka" na "wale wengine". Ofisini kidonda hicho ni kibaya kuliko kijijini, maana "wale wengine" ndio wanaoidhinisha safari yako au wanaokusubiri uwasaidie kufunga hesabu. Siku mtakapoanza kuitana wapendwa mbele ya wasio wapendwa, mtakuwa mmechora mstari sakafuni.

Fedha nitaipitia haraka kwa sababu jibu ni fupi: msikusanye. Sadaka ipelekeni makanisani. Mwenzenu akifiwa, ofisi yenu bila shaka ina utaratibu wa rambirambi kwa wote. Changieni huko, wala msianzishe mfuko wa pili wa Wakristo, kwa sababu siku Mwislamu atakapofiwa kila mtu atahesabu mifuko. Na akitokea mmoja (hatakosa) akasema "si tuwe na kikoba kidogo humu humu tukopeshane", mkatalieni kwa upole. Vikundi vya kuweka na kukopeshana vipo chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, na vina usajili wake kupitia halmashauri. Mkitaka kikoba, kisajilini kama kikoba, kiwe wazi kwa dini zote, na kisikutane siku ya maombi. Deni huua ushirika haraka kuliko dhambi yoyote ninayoijua.

Kuhusu kundi la WhatsApp, msimwongeze mtu kabla ya kumuuliza, na mahitaji ya maombi yasiandikwe humo kwa jina. "Tumwombee dada yetu wa masijala kwa lile tatizo lake la hospitali" ni taarifa ya afya ya mtu iliyosambazwa kwenye simu kumi na nne, na kufikia jioni ni thelathini. Mwenye shida aseme mwenyewe, kwa mdomo, kiasi anachotaka. Na lisemeni hili wazi tangu siku ya kwanza: hakuna mtu katika kikundi atakayemwambia mwingine aache dawa, ziwe za presha, kisukari, ARV au za akili. Tunaombea na dawa zinaendelea.

Ninyi si mchungaji wala daktari. Mtu akianza kusema maisha hayana maana, halali, anagawa vitu vyake, msimzungushe kwenye maombi ya wiki tatu. Msindikizeni hospitali siku hiyo hiyo, na hapa Dodoma hospitali ya akili ya Mirembe ipo kwa ajili hiyo. Anayepigwa nyumbani apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia polisi, na aliyempeleka anyamaze. Na kama siku moja mmoja wenu, au mtu wa dini nyingine, ataona amenyimwa haki kazini kwa ajili ya imani, hilo si la kuombea tu. Amwone ana kwa ana mwanasheria au chama chake cha wafanyakazi mapema, kwa sababu malalamiko ya kazi yana ukomo wa siku. Mtumishi wa umma huanzia kwenye ngazi za utumishi hadi Tume ya Utumishi wa Umma, wakati wa sekta binafsi huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mitandaoni msiende.

Barua sasa. Iandike ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi wa Utawala na Rasilimali Watu, K.K. (kupitia kwa) mkuu wa kitengo chako, "YAH: OMBI LA KUTUMIA UKUMBI MDOGO SAA YA MAPUMZIKO". Taja siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, na kwamba mnaomba kwa majaribio ya miezi mitatu. Sema hakutakuwa na vyombo vya sauti wala wageni, kwamba kuhudhuria ni hiari, na kwamba ukumbi ukihitajika kwa kazi mtauachia bila kudai. Waweke sahihi watatu tu, wa madhehebu tofauti, mkurugenzi msaidizi asiwemo. Na sentensi ya mwisho iwe hii, usiifupishe: "Tunaomba pia watumishi wa imani nyingine wapatiwe ukumbi huu kwa utaratibu huo huo." Nikiwa mezani kwangu, sentensi hiyo ingenifanya nisaini kabla sijamaliza chai. Ukikataliwa, usikate rufaa. Kaeni watatu chini ya mti nje ya jengo, Bwana aliahidi kuwapo kwa wawili au watatu, kisha muombe tena baada ya miezi sita.

Msianze Aprili. Wewe unajua Bunge la bajeti linavyowakausha watu hadi Juni 30, na wahasibu ndio wa kwanza kukauka. Anzeni Julai, mwaka mpya wa fedha, watu wanapumua.

Kabla ya barua hiyo kwenda masijala, mwonyeshe rafiki yako. Alikuuliza kwa utani kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuuliza. Mjibu kwamba mtamwombea, na kwamba hamtamtaja kwa jina kikundini bila yeye kujua. Muulize yeye na wenzake huswali wapi Adhuhuri. Kama ni kwenye korido ya ngazi juu ya kipande cha boksi, kama nilivyoona katika ofisi zaidi ya moja, basi omba ukumbi huo kwa ajili yenu na wao katika barua moja, na umwombe naye atie sahihi.